"Baba, unaondoka lini?" Wiki yetu ya kubwaga mizigo Bagamoyo

Ilikuwa Jumapili asubuhi mwezi Januari, tuko mezani tunakunywa chai. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, alimtazama baba yake kwa muda, akaweka kikombe chini, akamuuliza kwa adabu kabisa: "Baba, unaondoka lini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto aliyefundwa anavyomuuliza mjomba aliyekuja kusalimia kutoka mbali. Kaka na dada yake walicheka. Baba watoto naye alicheka, lakini chai yake ilipoa palepale mezani, na jioni nilimkuta kibarazani amekaa peke yake bila simu mkononi, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Wakazi wenzangu wa Kwa Mathias hapa Kibaha mnayajua maisha haya. Ukiwa na kazi Dar es Salaam unaamka saa 10 alfajiri, saa 10:30 uko barabarani kuwahi kiti kabla foleni ya Kibamba na Mbezi haijashika. Jioni ni hivyohivyo. Baba watoto akirudi mapema ni saa 3 usiku, na mtoto ameshalala. Anabaki na Jumapili, na Jumapili yenyewe kuna ibada, kuna msiba, kuna kikao cha harusi. Yule mtoto alikuwa sahihi. Nyumbani kwetu baba alikuwa mgeni wa wikiendi.

Usiku ule tuliamua kwamba mwaka huu likizo ya Juni tutakwenda mahali, sisi watano, wiki nzima, bila shughuli yoyote. Naandika haya kwa sababu tangu turudi, wazazi wenzangu wawili watatu wameniuliza ilikuwaje na iligharimu kiasi gani. Nitajibu yote, pamoja na sehemu ambayo ilitaka kuharibika.

Mkoa wa Pwani bila pwani

Wazo la kwanza lilitoka kwa mtoto wetu wa kati, mvulana wa miaka kumi. Aliona kwenye katuni familia ya Wazungu ikisafiri na kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, ndani kina vitanda, jiko na dirisha lenye pazia. Wakifika ufukweni wanakiegesha na kulala humo wiki nzima. "Kinaitwa karavani," dada yake, aliye darasa la saba, akamfahamisha. Mvulana akasema basi na sisi twende na karavani.

Sisi hata gari la kuivuta hatuna. Ila neno lile lilimkaa baba watoto kichwani. Alikulia Nzega, mkoani Tabora, na babu yake alikuwa akisimulia habari za wazee waliotembea kwa miguu kutoka Unyamwezi hadi baharini na mizigo mabegani. Misafara ile, kwa lugha za Wazungu, nayo iliitwa karavani. Ni neno la Kiajemi, linamaanisha kundi la watu wanaosafiri pamoja. Na mwisho wa safari yao ulikuwa Bagamoyo. "Twende Bagamoyo," akasema. "Sisi ndio tutakuwa karavani yenyewe."

Kuna jambo linalonichekesha siku zote. Mkoa wetu unaitwa Pwani, na Kibaha ndiyo makao makuu yake, lakini ukisimama Kwa Mathias unachokiona ni malori ya Barabara ya Morogoro, mikorosho na vumbi. Kitinda mimba alikuwa hajawahi kuiona bahari. Bagamoyo imo ndani ya mkoa huuhuu, na sisi tulikuwa tumeishi hapa miaka tisa bila kwenda.

Likizo yenyewe ilikuwapo muda wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12. Mfululizo, ndivyo inavyosema. Baba watoto kila mwaka alikuwa akiila vipandevipande: siku mbili za msiba, tatu za kufuatilia kiwanja, moja ya kwenda benki. Mwaka unakwisha, likizo imekwisha, hakuna aliyepumzika.

Fedha tuliziweka kidogokidogo, Sh16,000 kila wiki kwa wiki 25, kwenye simu ambayo namba ya siri aliijua mmoja na laini alikuwa nayo mwingine. Zilifika Sh400,000. Mgawanyo ulikuwa hivi: vyumba viwili kwa usiku saba Sh140,000, chakula Sh140,000, nauli za kwenda na kurudi Sh50,000, viingilio na mengineyo Sh40,000, na Sh30,000 za dharura ambazo niliapa hazitaguswa. Vyumba tulipata Dunda, kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu niliyefundisha naye zamani. Ukienda hotelini hesabu itakuwa nyingine kabisa, lakini mjini kule nyumba za watu wanaopangisha vyumba zipo. Tafuta mtu wa kukuulizia kabla hujafika.

Maneno hayakukosekana. Mama mkwe alipiga simu kutoka Nzega: "Mwanangu, hela ya kwenda kulala kwa watu si bora mngeniletea wajukuu niwaone?" Alikuwa na haki, na sikuwa na jibu zuri. Tulimwahidi Desemba. Upande wa pili walikuwa wazazi wa watoto wangu wa tuisheni. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na kila likizo nina watoto kumi na wawili barazani kwangu, wengi wao darasa la saba. Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, Septemba iko mlangoni, wewe unakwenda kuogelea?" Septemba ni mtihani. Nikatamani kughairi. Si kwa ajili yao tu, hata binti yangu mwenyewe ana mtihani huohuo.

Hatukughairi, ila nilibeba vitabu vyake vyote.

Mizigo ya msafara

Tulitoka Jumamosi asubuhi. Wenye magari yao hukatia Mlandizi hadi Makofia. Sisi wa daladala tulikwenda Mbezi, tukapanda ya kupitia Goba hadi Tegeta, na Tegeta tukadandia inayokwenda Bagamoyo. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, huku kitinda mimba amesimama mapajani mwangu anauliza kila penye mnazi kama ndiyo bahari.

Mizigo niliipanga mimi, na hapo ndipo kosa lilipoanza, ingawa sikulijua. Nilibeba unga kilo tano, mchele, mafuta, sufuria tatu, jiko la mkaa, ndoo, mashuka, vyandarua viwili, dawa za homa, na lile begi la vitabu. Kondakta alitutazama akatuuliza kama tunahama.

Vilivyofaa nitavitaja mapema ili nisisahau: vyandarua, viatu vya yeboyebo kwa kila mtoto, kwa sababu maji yakitoka chini kuna mawe na makombe yanayokata, na sweta jepesi la jioni. Juni ni msimu wa kusi, upepo hauna mchezo. Vingine vyote vingebaki nyumbani.

Jumapili ilikwenda vizuri. Kitinda mimba aliiona bahari, akakataa kuikaribia kwa saa nzima, kisha akakataa kutoka. Lakini usiku baba watoto alitoa karatasi. Alikuwa ameandika ratiba. Ni mtu wa stoo, kila kitu kwake kina safu na namba, na kwa kweli alifanya utafiti wake.

Jumatatu tulikwenda Kaole, kama kilometa tano kusini mwa mji, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya karne ya 13 na kuendelea. Ni mahali pa kuheshimika. Makaburi ya mnara yamesimama kimya chini ya miti, na kuna mbuyu mkubwa ambao watoto waliuzunguka huku wakigombana nani kaanza. Jumanne ilikuwa zamu ya misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Pale tuliona mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu takriban miezi tisa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kitinda mimba hayo yote hayakumhusu. Yeye alipenda mbuyu wa pale misheni wenye mnyororo uliomezwa na shina, kimebaki kipande kidogo tu kimechomoza. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kizungu alifunga punda wake hapo zamani, akausahau mnyororo, mti ukaendelea kunenepa. Mtoto alitaka kujua kama na punda yumo ndani.

Kutoka hapo, kwa ratiba, ilikuwa Ngome Kongwe, kisha Boma la Wajerumani, kisha mtaa wa India wenye milango ya kuchongwa. Jua la saa 7 mchana. Kitinda mimba analia, wa kati ana njaa, binti kanuna. Baba watoto kila baada ya dakika kumi anasogea pembeni kupokea simu ya ofisini, maana alikuwa ameaga likizo lakini funguo za stoo kichwani mwake hakuna aliyezichukua. Na mimi nilikuwa nimeamka saa 11 alfajiri kuwasha mkaa ili watu wanywe chai kabla ya ratiba, na nilijua nikirudi kuna ugali wa kusonga, vyombo, na nguo zenye mchanga.

Usiku ule tulikorofishana. Kwa sauti ya chini, kama wafanyavyo wenye watoto katika nyumba ya watu, na pengine ndiyo maana maneno yalikuwa makali. Yeye aliniambia kwamba amejitahidi kupanga na hakuna anayeshukuru. Mimi nilimwambia, "Wewe umehamisha ofisi na mimi nimehamisha jiko. Tofauti na Kibaha ni kwamba hapa maji nachota mbali zaidi." Tukakubaliana, bila kukubaliana, kwamba Jumatano tutarudi nyumbani.

Swali la binti

Jumatano mvua ya rasharasha iliamka nasi, kwa hiyo hatukuondoka mapema. Mwenyeji wetu, ambaye nadhani alisikia zaidi ya alivyoonyesha, akasema kabla ya kwenda stendi tupitie kwenye ile nyumba ya misafara, Karavansarai, kwa sababu mvulana alikuwa akimsumbua kuhusu karavani tangu Jumamosi. Ilikuwa imo kwenye ratiba ya Ijumaa.

Jengo lenyewe si la kutisha. Ni ua mpana wenye vyumba pembeni na nyumba katikati, mahali ambapo misafara ilipokewa na kupumzika, na sasa ni makumbusho. Lakini ukishajua kilichopita hapo, unasimama. Katika karne ya 19 maelfu ya watu waliingia mji huu kila mwaka kutoka bara. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, na waliifanya kazi ile kwa ujira. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Meno ya ndovu yalikuja huku, nguo, shanga na waya zilirudi bara. Mbele alitembea kirangozi na bendera, nyuma wanyampara wakihesabu watu. Kutoka Ujiji hadi hapa ni kama kilometa 1,200, safari ya miezi mitatu na kuendelea. Burton na Speke walitoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Tabora Novemba, na njia ilijulikana na waliowaongoza muda mrefu kabla yao.

Baba watoto alinyamaza. Nilimwona anatazama picha ya wapagazi kwa muda mrefu kuliko alivyotazama chochote wiki ile. Simu iliita mfukoni, hakuitoa.

Wenye msafara hawakuwa wanaume peke yao. Wapagazi wengine walitembea na wake zao na watoto. Wanawake walibeba vyombo na chakula, na wengine walibeba mizigo ya kulipwa kama wanaume. Binti yangu alisikia hilo, akauliza: "Sasa wakifika kambini, nani alikuwa anapika?"

Akaelezwa kwamba mwenye mke alipikiwa. Wasio na wake walijipanga vikundi, wakapika wenyewe.

"Kumbe waliweza," akasema binti, wala hakumtazama mtu.

Nilijikuta nacheka, nikashindwa kuacha. Baba yake naye akaanza. Mvulana akatuuliza tunacheka nini, tukashindwa kumwambia.

Kwa jina la mji nalo palikuwa na mjadala. Watu husema Bagamoyo ni "bwaga moyo". Wapo wanaolieleza kwa mpagazi: amefika, ametua mzigo, moyo umetulia. Wapo wanaolieleza kwa mtumwa aliyefikishwa pale kwa minyororo ili avushwe Zanzibar, kwamba ubwage moyo wako hapa, nyumbani hutarudi tena. Mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ulitiwa saini na Sultani Barghash mwaka 1873, na magendo yaliendelea hata baada ya hapo. Binti alitaka kujua lipi ni la kweli. Nilimwambia ninavyoona mimi, kwamba ufukwe ulikuwa mmoja na watu wa aina zote mbili walifika, na huenda kila mmoja alilitamka jina lile kwa moyo wake. Sikuwaficha watoto habari ya minyororo, ila kwa mdogo sikuingia ndani. Wazazi mtapima wenyewe.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imekatika. Baba watoto akatoa ile karatasi ya ratiba, akaikunja, akamtengenezea kitinda mimba mashua. Kisha akampigia mwenzake wa ofisini, akamweleza mafaili yalipo, akamwambia atapatikana saa 12 jioni kwa nusu saa, basi. Hatukwenda stendi.

Siku ambazo hazina habari

Kuanzia hapo sina mengi ya kusimulia, na ndicho tulichokuwa tumekifuata.

Mchana tulikula kwa mama lishe: wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga. Hesabu ya chakula ilipanda kidogo, na zile fedha za dharura nilizoapia ziliguswa. Sijutii. Jioni alipika baba. Alikwenda sokoni pwani mapema na kitinda mimba mabegani, wakati mashua zinaingia na dalali ananadi mafungu ya samaki kwa sauti ambayo mtoto aliiga siku tatu mfululizo. Walirudi na vibua na fungu la dagaa. Alivipaa mwenyewe, vibaya, akaunguza upande mmoja, na tulikula vyote. Wakati anapaa, yule mtoto alichuchumaa pembeni yake akauliza swali lake lilelile: "Baba, unaondoka lini?"

"Jumamosi," akamjibu. "Nikiondoka, tunaondoka wote."

Mvulana aligundua kupwa na kujaa. Nilidhani nitamfundisha, kumbe bibi mwenye nyumba alishamfundisha: maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ulikuwa umekaribia kuwa mpevu, kwa hiyo lilikuwa bamvua, na maji yakipwa yanakwenda mbali hadi unaweza kutembea robo saa kuyafuata. Alhamisi yalipwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Aliandika kwenye daftari: saa 4:05. Ijumaa akatabiri saa 4:55 na akakaa na saa ya baba yake kuhakiki. Miaka yote ninayofundisha kuongeza na kutoa kwa saa na dakika, sijawahi kumwona mtoto anafurahi namna ile. Tahadhari moja: maji yanaporudi hurudi haraka kuliko unavyodhani, na mtoto mdogo aliyezama kwenye kutafuta kaa hayaoni. Mmoja wenu awe na kazi ya kutazama bahari tu. Na kabla ya kwenda fukwe za upweke na watoto na simu mkononi, muulize mwenyeji wapi panafaa.

Baba watoto alilala. Ijumaa aliamka saa 3 asubuhi. Katika miaka kumi na nne ya ndoa sijawahi kuona. Nilimchungulia mara mbili kuhakikisha anapumua. Mimi nililala mchana chini ya mkungu na kitabu usoni, huku ngoma za wanafunzi wa chuo cha sanaa zikisikika kwa mbali. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1981 na siku hizi kinaitwa TaSUBa, na watoto walisimama uzioni jioni kutazama mazoezi bure.

Vitabu vya darasa la saba havikufunguliwa. Nilivibeba bure, kilo nyingi tu. Na hapa kuna jambo ambalo binti ameniruhusu kuliandika, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu wala la shule.

Alhamisi ile ya bamvua yeye na baba yake walitembea wawili kuelekea kwenye mikoko. Walikaa muda mrefu. Niliwaona kwa mbali wamesimama, kisha wamechuchumaa, baba anachora kitu mchangani kwa kijiti. Waliporudi sikuambiwa neno. Baba watoto alikuwa mpole kupita kiasi, na mimi nikadhani ni samaki.

Aliniambia Jumamosi usiku, tumesharudi Kibaha, watoto wamelala. Binti alikuwa haelewi sehemu tangu darasa la tano. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kuzidisha, kugawanya, hakuna. Karatasi za majaribio alizokuwa akipewa zisainiwe na mzazi alikuwa akizisaini mwenyewe, kwa sahihi ya baba yake, kwa zaidi ya mwaka. Baba hayupo, hawezi kuulizwa. Na mama hawezi kuonyeshwa, kwa sababu mama ni mwalimu wa hisabati ambaye watoto wa wenzake wanajaa barazani, na yeye aliona aibu kuwa mtoto wa mwalimu asiyejua. Shule yake si ninayofundisha mimi, kwa hiyo sikuwa na pa kuyaona. Alichokuwa anachora baba mchangani kilikuwa ni mkate uliogawanywa vipande nane.

Nilikasirika kwanza, sitawadanganya. Nikataka kumwamsha palepale. Baba watoto akanishika mkono, akasema alimwahidi kwamba sitampigia kelele, na kwamba ahadi hiyo aliitoa kabla ya kuniuliza kwa sababu alijua ningekataa. Nikakaa chini. Nikawafikiria wale kumi na wawili wa barazani, ambao nawaelekeza kwa upole kwa sababu wazazi wao wananilipa, nikafikiria ninavyomjibu wa kwangu akiniuliza kitu nikiwa nimechoka.

Jumatatu saa 10:30 alfajiri alikuwa barabarani kama kawaida. Foleni ya Kibamba haikujua kwamba tulikwenda Bagamoyo. Tuisheni ilianza tena, na mmoja wa wazazi amemhamishia mtoto wake kwa mwalimu mwingine. Nimepoteza hapo. Mama mkwe anahesabu miezi hadi Desemba, na Sh16,000 za kila wiki sasa zinakusanywa kwa ajili ya nauli ya Nzega. Binti anakaa nami nusu saa baada ya wengine kuondoka, tunakata mikate ya karatasi kwa mkasi. Kuna siku tunaelewana, kuna siku mmoja wetu anaondoka mezani.

Wiki iliyopita alirudi na jaribio, 31 kwa 50. Alikataa kulala. Saa 3:20 usiku baba yake alipofungua mlango alimkuta sebuleni, karatasi na kalamu mezani. Baba watoto alisoma mbele na nyuma, swali kwa swali, bado begi liko begani, kisha akainama akasaini. Binti akaiangalia ile sahihi kwa muda.

"Baba," akasema, "ya kwangu ilikuwa nzuri zaidi."